Nyota Hazikuzunguka Kichwa cha Mulume

Jina lake ni Mulume. Kwa Kimashi, mulume ni mwanaume, na jina hilo limemletea taabu tangu utotoni, maana mtu anayeitwa Mwanaume hawezi kumkimbia panya mbele za watu. Alizaliwa upande wa Kongo, nyuma ya Bukavu, kwa wazazi Wanyarwanda waliovuka zamani, akarudi huku Rusizi, upande wa Rwanda, akiwa na miaka kumi na mitano, Kinyarwanda chake hakitoshi hata kuulizia njia. Mimi nilimjua wiki hiyohiyo. Kamembe nzima, mji wetu huu, mimi naijua; asiyenijua mimi, huyo ni mgeni au amefariki.

Kazi alizijaribu zote. Alibeba mifuko kule mpakani Ruhwa, akaacha kwa ajili ya mgongo. Akaenda Nkanka kuvua sambaza, vile vidagaa vya ziwani, akaacha kwa ajili ya maji. Alivua miezi minane na macho amefumba, na wenzake wanasema alikuwa akivuta wavu huku anasali. Mwishowe akapata mawe, kule Muganza. Si kile kiwanda cha saruji, msije mkaniletea kesi. Ni shimo la koperative ndogo, ushirika wa watu ishirini na sita, wanapasua mawe ya kujengea kwa nyundo na mtaimbo. Mawe hayabebwi mgongoni na hayazamishi mtu, alisema Mulume. Alisahau kwamba mawe yana juu na chini.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, mvua ilikuwa imelainisha ukuta wa shimo. Jiwe la ukubwa wa sufuria ya harusi likateremka, likampiga Mulume paja la kulia, likaendelea na safari yake.

Sasa simamisheni kidogo ile picha iliyo kichwani mwenu, maana najua ilikotoka. Imetoka kwenye katuni. Mimi ni fundi wa televisheni, miaka ishirini natengeneza hayo masanduku, katuni nilizoziona hazina hesabu. Katika katuni, mtu akigongwa na jiwe anakuwa mwembamba kama chapati, anajibandua, anapuliza kidole gumba, anajaa tena. Akianguka kutoka mlimani, ardhini linabaki shimo lenye umbo lake, mpaka vidole. Nyota na vindege vinamzunguka kichwa. Akivunjika mguu, bandeji inafungwa kichwani. Na zile katuni za wapiganaji ndizo baba wa uongo: kijana anachomwa upanga tumboni, damu inaruka kama bomba la mtaa lililopasuka, naye anasimama anatoa hotuba juu ya urafiki. Dakika tano! Hata mchungaji wetu hatoi hotuba ndefu namna hiyo, na yeye hana upanga tumboni.

Mulume hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, kama mtu aliyefika kwake, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema:

"Kandambili yangu iko wapi?"

Cassien, perezida wa koperative, akaja mbio na kofia yake nyekundu. "Mulume! Uko muzima?"

"Niko muzima, perezida. Natafuta tu kandambili."

Wakamtazama. Damu hakuna, hata tone. Paja limevimba kidogo, basi. Machozi hakuna. Cassien akapumua. "Basi simama tuone."

Watu wawili wakamnyanyua. Mguu ukakunjika mahali ambapo Mungu hakuweka goti. Mulume akasema "Ah," kama mtu aliyekumbushwa kitu, wakamkalisha tena, wamemwegemeza kwenye ukuta uleule uliomgonga. Na Cassien akaagiza fanta. Fanta ya machungwa, baridi. Katika nchi yetu hakuna ugonjwa ambao fanta haijajaribiwa.

Dakika zikapita. Mulume akawa na rangi ya majivu. Akaomba maji, akaomba tena. Jasho likamtoka, na ukimgusa ni baridi kama chura. Halafu akaanza kupiga miayo. Mwayo mmoja, wa pili, wa tatu. Wanaume wakacheka.

"Tazameni, Mwanaume anasinzia!"

"Mumuache apumuzike," akasema Cassien. "Fanta inakuja."

Pale shimoni kuna mama anaitwa Nyirabagenzi, anauza uji wa mtama, na kwao kijijini ni mshauri wa afya, yule anayepima watoto uzito na kusindikiza wajawazito. Akasikia miayo inachekwa. Akaweka kijiko chini, akaja.

"Huyu hasinzii. Huyu anatoka damu."

"Damu iko wapi, Maman? Sisi hatuone kitu."

"Iko ndani ya paja. Paja ya muntu mukubwa inameza damu mingi bila kupasuka ngozi. Nimeona bamama batatu, nyuma ya kuzaa, bakipiga miayo hivi hivi. Babili tulibazika. Nani amemukalisha? Mulalishe chini! Lete makoti!"

Fanta ilipofika aliipiga teke. Akafunga mguu kwenye vipande viwili vya mbao, akafunika mgonjwa kwa makoti yote ya koperative, akasimama katikati ya barabara mbele ya lori la saruji, mikono ameitanua, mpaka likasimama. Hospitalini daktari alisema nusu saa nyingine wangemletea maiti yenye sukari.

Basi Mulume akapona. Ana chuma pajani na fimbo mkononi, na kupanda mawe hawezi tena. Nafasi yake shimoni akaichukua mdogo wake, Niyomugabo, mwanaume wa miaka ishirini na minne, mabega kama mlango, akili kama bawaba.

"Usiende kule," Mulume alimwambia.

"Jiwe haipigake nyumba moja mara mbili, kaka," akajibu Niyomugabo. Nani kamfundisha hesabu hiyo, sijui. Akaenda, na akapewa nafasi palepale, chini ya ukuta uleule.

Tangu hapo Mulume alitaka kitu kimoja tu duniani: siku jiwe litakapomkuta mdogo wake, wale wengine ishirini na watano wasimkalishe na kumpa fanta.

Sasa, Cassien alikuwa ameona koperative ya mpunga wametengeneza filamu ya katuni juu ya mbolea. Wivu ukamshika. Na sisi wa mawe tutakuwa na katuni, akasema, ya usalama, dakika tatu, ya kuonyeshwa kila mwezi. Akaja kwangu, maana binti wa dada yangu, Reine, anachora katuni kwa kompyuta, kwenye kona ya karakana yangu hapa Kamembe. Kipaji amekitoa kwangu. Mimi sichori, lakini ningechora, ningechora hivyohivyo.

Ya kwanza aliimaliza kwa wiki mbili. Jiwe linateremka linapiga mluzi. Mpasuaji anatoa macho kama mayai ya kukaanga, anabandikwa ardhini, jiwe linapita, anajibandua kama stika, nyota saba zinamzunguka, anapiga kelele "AIIII!" mpaka helmeti inaruka na kumrudia kichwani. Halafu maandishi: VAA HELMETI. Nilicheka mpaka nikajichoma na chuma cha kulehemu.

Mulume, tuliyemwita aione kwa heshima ya mguu wake, hakucheka.

"Reine, mutoto yangu. Huyu muntu jiwe imemupiga wapi?"

"Mwili muzima, Papa Mulume."

"Na anasimama?"

"Ni katuni, Papa. Kwa katuni bantu banasimamaka."

"Niyomugabo akikaa kule chini kimya, bataona nini? Batamungojea apige kelele. Batangojea nyota."

Reine alinuna. Msanii akinuna ni kama betri iliyoloa. Unaiacha kando ikauke. Baadaye akasema, basi Papa, niambie ilivyo kweli, nichore kweli. Mulume akatoa karatasi yake ya hospitali, imekunjwa mara nane. Ilikuwa ya Kifaransa: fracture du fémur, yaani mfupa wa paja umevunjika, halafu chini yake, kwa mwandiko wa daktari, état de choc.

Kifaransa cha Reine ni cha kusalimia tu. Wote wakanigeukia mimi. Mimi nilisoma Bukavu, madarasa matano kwa miaka saba. Wengine wamesoma madarasa saba kwa miaka hiyohiyo saba. Kwa hiyo kwa miaka tuko sawa.

"Choc," nikawaambia, "ina maana mbili. Ya kwanza ni kugongwa. Ndiyo maana lori lina pare-choc mbele, yaani bampa. Ya pili ni umeme. Ukishika waya, unapata choc."

"Na hii hapa ni ipi, Mjomba?"

"Daktari anajua tayari kwamba amegongwa, kuvunjika wameshakuandika. Hawezi kuandika kitu kimoja mara mbili, wino ni wa serikali. Hii ni ya umeme."

Mpaka leo nasema hoja ile ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba haikuwa kweli. Reine akachora ya pili: jiwe linampiga mtu, radi ya manjano inampitia, nywele zinasimama, mifupa yote inaonekana inawaka kama taa ya krismasi, mpaka meno.

Mulume aliitazama mpaka mwisho. Akauliza kwa upole:

"Huo umeme umetoka wapi? Kule shimoni hatuna hata poto moja ya kubeba waya."

Walicheka wote, mpaka mteja aliyekuja kuchukua redio yake. Mimi nilikuwa na kazi.

Ikabidi twende Muganza kwa Nyirabagenzi, na kompyuta kwenye mfuko. Alitukaribisha nyumbani kwake, akaona ile mifupa inawaka, akafuta macho kwa kitenge kwa kucheka. Halafu akaeleza, huku anachambua mtama.

"Choc ya daktari haiko umeme. Ni damu imepunguka, haitoshe kuzunguka. Mwili inafanya kama mama ya unga kidogo: bakubwa balale njaa, mudogo akule. Inanyima mikono, inanyima miguu, inanyima ngozi. Njo maana baridi, njo maana majivu. Inabakiza moyo na kichwa. Na kichwa nayo ikianza kukosa, muntu anapiga miayo, anasema bintu bya kandambili. Mwenye anapiga kelele, huyo iko na damu ya kupigia kelele. Unamwendea wa pili. Wa kwanza ni ule anayenyamaza. Mugeuze mudomo ya chini: ndani ikikuwa nyekundu, damu ingali iko; ikikuwa nyeupe, inaisha."

Nilimwambia hata mimi nilitaka kusema hivyohivyo. Akanipa ungo nichambue.

Reine akawa mwanafunzi wake. Siku tatu alikwenda na kurudi. Nyirabagenzi hajui kushika kalamu ya kompyuta, lakini alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote. "Jasho iko kubwa sana, hii ni mvua. Weka kidogo kidogo, juu ya mudomo." "Macho isitoke inje. Irudi ndani." "Kwa nini umemupaka rangi ya bluu? Yee ni kinyonga? Majivu, nimesema."

Reine akataka kuona mwili unavyokaa. Tukamlaza Mulume mwenyewe kwenye mkeka, aigize siku yake. Reine akahesabu: moja, mbili, jiwe! Na Mulume, mtu aliyevunjika paja kweli na hakutoa sauti, akashika mguu kwa mikono miwili, akabiringika na kulia "Aiiii! Mamaaa!" mpaka kuku wa Nyirabagenzi wakaruka ukuta.

"Papa! Si ulisema hukupiga kelele?"

Mulume akakaa, ana aibu. "Ni kweli. Lakini nikinyamaza, najiona kama sifanye kitu."

Hapo ndipo nilipojua ugonjwa huu umefika mbali. Mtu ana kovu la shubiri mbili pajani, na katuni bado inamfundisha namna ya kuumia.

Ya tatu ikakamilika. Jiwe halipigi mluzi, linakuja tu. Mtu anakaa. Anauliza kandambili. Wanamsimamisha, mguu unakunjika, wanamwegemeza ukutani. Mwenye kofia nyekundu anaagiza fanta. Rangi inamtoka taratibu, hata huoni ilipoanza. Mwayo. Mwayo mwingine. Wenzake wanacheka. Halafu mama wa uji anaweka kijiko chini. Ilipokwisha, nilitoka nje kidogo kuangalia pikipiki zinavyopita. Vumbi lilikuwa jingi siku hiyo.

Mkutano wa koperative ulikuwa Jumamosi, kwenye darasa la shule ya msingi waliloazima, picha inarushwa ukutani. Cassien alitaka ionyeshwe ya kwanza, maana alikuwa amekwisha kuituma kwa simu kwa jamaa zake wote mpaka Kigali. Darasa likalipuka. Wazee walipiga madawati. Ile helmeti ilipomrudia kichwani, watu waliomba irudiwe, ikarudiwa mara mbili.

Halafu ya tatu.

"Mbona haanguke?" mmoja akauliza.

"Imekwama," akasema mwingine. "Reine, network!"

"Haijakwama," Reine akajibu. "Amekaa."

"Amekaa anafanya nini?"

"Anakufa."

Wakangoja. Mtu akakohoa. Mwingine akasema kwamba hata yeye akikaa hivyo angepiga miayo, filamu yenyewe inalaza. Wakacheka kidogo, wakapata nguvu. Cassien alikuwa amesogea mbele, pua karibu iguse ukuta.

"Na huyu wa kofia nyekundu ni nani?"

"Ni perezida wowote tu, Perezida," akasema Reine.

"Kofia yangu iko nyekundu."

"Eh, basi ni bahati."

Cassien akasimama, akavua kofia, akairudisha. Akasema filamu hii ya mwisho ni nzuri, inaonyesha kazi, lakini inachafua sura ya koperative, tena haina mafunzo, maana mtu anaiangalia na hajui acheke wapi. Akaomba kura kwa mikono. Wanaotaka ya kwanza?

Mikono kumi na tisa. Mulume alikuwa amekaa dawati la nyuma, mguu wake wa chuma ameunyoosha kwenye njia, anaiangalia mikono ile mmojammoja kama anayetafuta shati lake kwenye kamba ya jirani. Akafika kwenye mkono mmoja mnene, wenye kovu la mtaimbo. Ulikuwa wa Niyomugabo.

Alimngoja nje, mlangoni. Mimi nilikuwa karibu, nasaidia kubeba waya. Sikusikiliza, ila nilisikia.

"Weye, Niyo. Uliinua mukono."

"Kaka, ile ya kwanza inachekesha. Hii yako muntu anakaa tu."

"Muntu mwenye anakaa ni miye."

"Najua ni weye." Niyomugabo alikuwa anachimba ardhi kwa kidole cha mguu. "Siku ile nilikuwa soko. Sikukuonaka hivyo. Sasa nimekuona, na sitake bakuonyeshe kila mwezi pale ukuta, bantu bakisema imekwama."

Mulume aliinua fimbo yake. Alimpiga mdogo wake bega kwa fimbo, si kwa nguvu, wakaondoka, mmoja anachechemea, mwingine anapunguza hatua. Na mimi nikabaki na waya zote peke yangu, na hakuna aliyesema asante.

Jumatatu, kabla nyundo ya kwanza haijalia, Mulume alikuwa shimoni. Alikaa juu ya jerikani, kando ya sufuria ya Nyirabagenzi, fimbo katikati ya magoti.

"Mulume," Cassien akasema, "hapa huna tena kazi."

"Niko kiriyo ya uji, perezida." Maana yake client, mteja; anakipenda Kifaransa, ila Kifaransa hakimpendi yeye. Akanunua kikombe kimoja. Kikombe hicho alikinywa mpaka saa sita mchana.

Tangu hapo yuko pale kila siku ya kazi, na kazi yake ni kutazama nyuso. Watu wamelalamika. Wanasema anawatazama kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Wiki ya kwanza, jiwe lilimponda mtu kidole cha mguu. Akaruka, akalia, akawataja watakatifu wote. Mulume hakuweka hata kikombe chini. "Huyo muzima," akasema. Lakini siku mzee Nsabimana alipokaa peke yake, kimya, kichwa chini, Mulume alivuka lile shimo kwa miguu mitatu kabla hujamaliza kupiga chafya. Akamlaza chali, akamfunika koti, akaita wenzake wanne.

"Niacheni!" Nsabimana alikuwa anapiga mateke. "Nilikuwa nawaza muke wangu!"

"Anaongea kwa nguvu," akasema Nyirabagenzi kutoka kwenye sufuria. "Mumuache."

Walimcheka Mulume wiki nzima. Sawa, wacheke. Mimi naona jambo moja ambalo wao hawajaliona: wale wanne waliitwa, wakaja mbio, wakamlaza Nsabimana vilivyo, chali, koti juu, na hakuna aliyeuliza fanta iko wapi. Ile ya kwanza inaonyeshwa kila mwezi kama walivyopiga kura, helmeti inaruka, watu wanapiga madawati. Mafunzo yenyewe yanakaa juu ya jerikani, yanakunywa uji.

Juzi nilipita kule na Reine. Niyomugabo alikuwa ametoka chini ya ukuta kuja kunywa, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Kaka, unaniangalia nini kila saa?"

"Geuza mudomo ya chini."

"Mbele ya bantu?"

"Geuza."

Na lile jitu, mabega kama mlango, likashika mdomo wake wa chini kwa vidole viwili, likaugeuza mbele ya koperative nzima, na mbele ya mpwa wangu ambaye nilikuwa nataka amwone kwa uzuri. Mulume akasogea, akatazama ndani, hana haraka.

"Sawa," akasema. "Nenda."